Naombeni ushauri: boksi la makaratasi ya babu wa mume wangu, Ohio miaka ya 1800

Wakuu habari zenu, niko Ohio huku Marekani, nimeolewa huku, sasa mama mkwe alipofariki tukakuta darini boksi la babu yao wa zamani sana, alikuwa mkulima, mhubiri wa Methodist na kipindi cha baridi anafundisha shule. Kuna mahubiri, hesabu za ngano na nguruwe, na barua kibao kuanzia 1847, nyingine kaandika akajaza ukurasa halafu akauzungusha ubavu akaandika tena juu ya mistari ile ile kwa kukatiza, enzi hizo walikuwa wanabana hela ya posta. Wino una chuma ndani, umegeuka kahawia na kwingine umeshatoboa karatasi. Shemeji anataka tulaminishe zote, mimi nimegoma kabisa, joto na plastiki vinaua karatasi na haitoki tena. Rekodi za sensa ya Marekani ya 1890 karibu zote ziliharibika kwa moto wa Washington 1921, kwa hiyo kwa miaka ile barua hizi ndo kila kitu kwetu. Waliowahi kukabidhi nyaraka za familia kwenye maktaba za historia, mkataba unakuwaje? Wanawapa nakala? Na huo mwandiko wa kukatiza mnausomaje jamani?