Maiki ya hedseti haisikiki kwenye desktopu, kesho nina usaili

Kijana wa Tandika: Wakuu, habari za usiku. Hedseti nikiichomeka kwenye desktopu nasikia vizuri tu, ila nikiongea watu hawanisikii. Nimefuta draiva ya Realtek, ile programu ya kuendesha sauti, nikairudisha, nikazima na kuwasha, wapi! Kesho asubuhi nina usaili wa mtandaoni, kazi ya huduma kwa wateja. Msaada tafadhali.

Fundi Kipara: Windows ngapi? Na hedseti ina pini ngapi?

Kijana wa Tandika: Windows 10.

Pengwini wa Iringa: Hiyo Microsoft walishaacha kuihudumia tangu Oktoba 2025. Hamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, matatizo ya draiva utayasikia kwa jirani.

Shangazi Mkorofi: Usaili kesho, hedseti unaijaribu usiku huu! Mimi usaili wangu wa kwanza nilikwenda kuikagua ofisi siku moja kabla, nikajua mpaka daladala ya kupanda. Mlinzi akadhani nimeleta uji.

Fundi Kipara: Shangazi, tuachie mtoto. Mkuu, pini ngapi?

Kijana wa Tandika: Kuna fundi hapa mtaani kaicheki desktopu, anasema chipu ya sauti imeungua. Ataifomati, ikigoma abadilishe bodi. Nimeshampa advansi.

Pengwini wa Iringa: Chipu imeungua halafu anafomati 😂😂

Fundi Kipara: PINI.

Kijana wa Tandika: Moja. Ni hedseti ya simu. Lakini shida haiwezi kuwa hapo, kwenye simu inapiga kazi freshi.

Fundi Kipara: Hapo hapo ndipo penyewe. Iangalie hiyo pini: ina vimistari vitatu, kwa hiyo vipande vinne. Sikio la kushoto, la kulia, waya wa pamoja na maiki. Desktopu yako, kama ni ya zamani, ina tundu la kijani la kutoa sauti na la pinki la maiki. Ukichomeka kwenye kijani utasikia, ila kipande cha maiki hakina pa kupeleka sauti. Draiva utafuta mpaka ulie. Tafuta splita, kile kiwaya cha kugawa, yenye pini mbili, ya kijani na ya pinki. Ukishachomeka, ingia kwenye mipangilio ya faragha uhakikishe programu zimeruhusiwa kutumia maiki.

Kijana wa Tandika: Sawa, ila yule fundi namwamini, TV yetu aliitengeneza yeye. Na advansi hairudi. Si bora aendelee tu?

Mpiga Debe: Subirini kwanza. Huyu si ndiye juzi alikuwa anauza vifaa kule jukwaa la matangazo? Usaili gani! Sasa hivi atatuambia "kuna duka nimeona wana splita nzuri". Tumeshaliwa.

Kijana wa Tandika: Acha hizo kaka. Niliuza chaja ya laptopu tu, tena ya bro.

Shangazi Mkorofi: Kumbe kaka yako ana laptopu! Kaazime, ufanyie usaili humo, ulale.

Fundi Kipara: Shangazi kapatia. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja linalopokea pini hiyo hiyo.

Kijana wa Tandika: Haina chaji. Na hatuongei.

Mpiga Debe: Naondoa mashaka yangu. Hii haijatungwa.