Nataka kuanza gita ya country, nianzie wapi?

nyuzi_sita
Wadau habari zenu, naomba msinicheke. Niko Eldoret, napiga gita kanisani mwaka wa tatu huu lakini ni ile ya kodi tu (noti kadhaa unazobana kwa pamoja, si kodi za KRA), G C D Em, unakwangua juu chini juu chini mpaka pasta aseme amina. Sasa mzee wangu anatimiza miaka 70 mwezi wa kumi na mbili, na kwetu nyumbani ukitoa nyimbo za kanisa kinachobaki ni country, kabati nzima ni kanda za Jim Reeves zingine zimeshaliwa na panya na bado haruhusu mtu azitupe, Jumapili mchana redio yake haiguswi. Nimeamua siku hiyo nimpigie ngoma mbili mimi mwenyewe na wajukuu wakae kimya.

Shida yangu ni hii, nikipiga zile kodi inatoka ibada, haitoki country. Na kodi ni zilezile, nimeangalia kabisa, ni zilezile! Lakini kile kitu cha farasi anatembea sikipati. YouTube nimejaribu, jamaa anaanza na G vizuri, dakika ya tatu vidole vyake havionekani tena.

Halafu gita yangu nyuzi ziko juu sana, nikibana F nalia machozi ya ukweli. Muuzaji aliniambia zitashuka zenyewe nikishazoea. Bado nangoja. Je, niuze hii ninunue ya umeme?

KukuDonoa
Nunua ya umeme dadangu, na kama mfuko unaruhusu tafuta Telecaster, ile gita ya umeme ya kampuni ya Fender, au kopi yake, hizo kopi zinapatikana na zingine si mbaya. Hiyo gita ilianza kuitwa hivyo 1951 na mpaka leo ukisikia country ya umeme inalia kama mtu anavunja kuni kavu, mara nyingi ni hiyo, kwa pikapu (kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi) ya nyuma kabisa karibu na daraja.

Mimi napiga na bendi Nairobi kwenye mabaa ya nyama choma, watu wanakuja na kofia na buti kabisa. Kitu kinawaua ni kudonoa. Unashika piki, kile kiplastiki cha kupigia, kwa gumba na shahada, halafu kidole cha kati kinavuta uzi juu na kuuachilia ujigonge kwenye freti, vile vichuma vya shingoni, tak! kama kuku anadonoa mahindi kwa sufuria. Ukishajua hiyo ingia kwa kupinda. Shika uzi wa kwanza (ule mwembamba kabisa, mnene kabisa ndio wa sita) freti ya 8, uzi wa pili freti ya 8, uzi wa tatu freti ya 7. Piga zote tatu, halafu huo wa tatu peke yake usukume mpaka sauti yake ipande freti mbili, zile mbili zingine zisitingishike hata kidogo. Hapo umetoa C inayolia kama ile gita ya kulaza ya miguu, pedali stili. Weka nyuzi nyembamba, za saizi 9, mpiga gita James Burton mwenyewe aliwahi kufunga nyuzi za banjo kwenye gita ili zipindike.

babu_wa_vihiga
Kuku anasema ukweli lakini amekupeleka darasa la nane na hujaingia la kwanza. Binti yangu, weka hiyo pesa ya umeme pembeni kwanza.

Hicho unachokiita farasi kiko kwenye kidole gumba cha mkono wako wa kulia, hakiko kwenye kodi. Kanisani unakwangua nyuzi zote sita kwa mkupuo, besi na kodi zinatoka pamoja kila pigo, ndiyo maana inajaa kama kwaya. Country inazitenganisha. Gumba linapiga uzi mnene MMOJA, kisha unakwangua zile nyembamba tu, gumba uzi mnene mwingine, kwangua. Dum-cha dum-cha. Shika G. Gumba uzi wa sita, kwangua nyuzi tatu nyembamba za chini, gumba uzi wa nne, kwangua. Ukienda C gumba linaanza uzi wa tano, pigo la pili kidole cha pete kinahama kutoka uzi wa tano kwenda wa sita, freti ni ileile ya tatu, kisha kinarudi. Kwenye D anza uzi wa nne halafu wa tano, na ule wa sita usiuguse, ukiugusa unaleta matope.

Ile nyama ya kiganja iliyo chini ya kidole kidogo ilaze juu ya daraja, pale nyuzi zinapoingia kwenye mbao. Usikandamize, laza tu. Besi itaacha kuvuma, itakuwa kama mtu anabisha mlango. Ukilaza mbele sana nyuzi zinakufa kabisa, ukirudi nyuma sana zinavuma, kuna mahali kama upana wa nusu kidole ndipo penyewe, utapatafuta jioni nzima na siku moja mkono utapakumbuka wenyewe.

Siku tatu za kwanza usibadilishe kodi. Kaa G tu, metronomu (kile kidude cha kuhesabu mapigo) 60, ongea na watu, angalia taarifa ya habari, gumba liendelee. Likikosea ukiulizwa swali basi bado halijajifunza. Baada ya hapo ndiyo utoke G kwenda C, na usiruke, tembea: uzi wa sita freti ya tatu, uzi wa tano mtupu, uzi wa tano freti ya pili, halafu unatua C. Ukisikia hizo noti tatu zinakupeleka C utacheka peke yako chumbani.

Na usidhani unajifunza kitu cha ugenini. Maybelle Carter wa kundi la Carter Family alipoenda kurekodi Bristol, Marekani, 1927 na shemeji yake na binamu yake, alikuwa msichana wa miaka 18 na mimba kubwa, gumba lake lilikuwa linaimba wimbo wenyewe kwenye nyuzi nene na vidole vinakwangua juu yake. Mpiga gita Merle Travis wa Kentucky naye, gumba na kidole cha shahada. Sasa njoo huku kwetu. George Mukabi na mtindo wake wa omutibo, besi inatembea kwa gumba, shahada inaimba juu, mwenzake anakwaruza chupa ya Fanta. Mwenda Jean Bosco kule Katanga, gumba na shahada, viwili tu, na ukifunga macho utadhani wako watu wawili. Mimi nilijifunzia gumba kwa mjomba aliyekuwa na gita ya nyuzi nne, mbili zilikatika akakosa pesa, na siku ya kwanza nilipojaribu kupiga kitu cha Kentucky mkono haukuuliza swali.

Kuhusu nyuzi kuwa juu, huyo muuzaji alikudanganya, hazishuki zenyewe, zinapanda. Chukua kadi tatu za ATM uzilalishe pamoja, ziingize kati ya uzi wa sita na freti ya 12. Zikiingia kwa kubana kidogo, gita ni nzima. Zikiingia nne na bado kuna hewa, una tatizo.

mpenda_rumba
Sijawahi kuelewa Wakenya na country. Nyimbo za wazungu wanalilia mbwa na pikapu iliyoharibika 😂 Franco yupo, Mbaraka yupo, nyinyi mko Texas.

tanga_mpaka_tennessee
@mpenda_rumba mkuu hapo umeteleza. Banjo yenyewe asili yake ni vyombo vya Waafrika waliopelekwa utumwani. Huo mtindo wa gumba anaoeleza mzee hapo juu, Kentucky ulipita kwa fundi mmoja mweusi anaitwa Arnold Shultz, wazungu wakamsikiliza, wakafundishana, mpaka ukamfikia Merle Travis. Na hao Carter, Lesley Riddle ndiye alikuwa anazunguka na A.P. Carter, yule shemeji wa Maybelle, milimani kutafuta nyimbo, yeye anashika sauti ya wimbo kichwani A.P. anaandika maneno, na Maybelle, ingawa alikuwa anapiga tayari, akajifunza mbinu za gita kwake. Mweusi huyo, na mguu mmoja alikuwa hana. Majina yao kwenye sahani za santuri hayakuandikwa. Kwa hiyo mbwa waachie wenyewe lakini gumba ni letu pia.

Shikamoo babu wa Vihiga. Dada nyuzi_sita nakuongezea mambo mawili, mimi niko huku Tennessee, mchana naendesha lori jioni napiga kidogo.

La kwanza, usijifunzie gitaa kwenye Jim Reeves. Kwa kuimba sawa, mzee atafurahi, lakini kwenye zile rekodi gitaa limefichwa nyuma ya piano na violini na waitikiaji, ajabu ni kwamba prodyuza wake alikuwa Chet Atkins ambaye ni mmoja wa wapiga gitaa wakubwa kuliko wote! Msikilize Johnny Cash wa mwanzo, yule Luther Perkins nyuma yake anapiga noti chache sana, zote unazisikia, zote utaziweza. Na Cash alikuwa anapenyeza karatasi katikati ya nyuzi, karibu na shingo, ili gitaa litoe mlio kama ngoma ya snea maana dramu hawakuwa nayo. Mimi nilijaribu kwa risiti ya supamaketi, ile ndefu, ukiikunja mara mbili ukaisuka juu ya uzi chini ya uzi inakubali kabisa. Wajukuu watapenda.

La pili ndilo litakuokoa siku yenyewe. Huku studio za Nashville hawaandiki herufi za kodi, wanaandika namba. Neal Matthews wa kundi la Jordanaires ndiye alianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiwa G, basi G ni 1, C ni 4, D ni 5. Ukiwa C, C ni 1, F ni 4, G ni 5. Kwa nini nakwambia? Kwa sababu mzee wako hatakaa kimya. Ukianza tu ataingia kuimba, na ataingia kwa sauti yake siyo kwa sauti yako, pengine chini kabisa kama Jim. Ukiwa umekariri herufi umekwisha mbele ya wageni. Ukiwa umekariri 1-4-1-5 unasogea naye.

KukuDonoa
Hiyo ya namba ni kweli, kwenye bendi tunaonyeshana vidole mgongoni, kimoja, vinne, vitano. Lakini babu bado nasema ataboeka na dum-cha.

babu_wa_vihiga
Aboeke. Mimi nimeboeka tangu 1971 na bado nalipwa kwa harusi.

nyuzi_sita
Asanteni sana wote, nimerudi baada ya wiki tatu nilete ripoti.

Dum-cha G nimeiweza, C nimeiweza, ile ya kutembea kwenda C ni kweli nilicheka peke yangu, mama akaja kuangalia kama niko sawa. D ndiyo inanisumbua, gumba linasahau linarudi uzi wa sita kila mara. Na nikianza kuimba gumba linalala kabisa, yaani mdomo ukifunguka mkono unasimama.

Siri ya mzee imeshatoka. Aliingia nikiwa kwa dum-cha, akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Unakimbia. Hawa watu hawakuwa wanakimbia." Akaenda zake kukamua. Kwa hivyo sasa napiga nikijua ananisikia kutoka bomani na nimepunguza metronomu mpaka 50.

Sasa jambo lingine. Kadi ziliingia TANO. Nikampelekea fundi wa viti hapa mtaani, akatoa kile kipande cheupe cha plastiki kwenye daraja akakisugua msasa upande wa chini, sasa kadi zinaingia mbili na nyuzi ni laini kama za mtoto, F naibana nikiongea. Lakini uzi wa sita umeanza kunguruma, nikiupiga kwa gumba kwa nguvu unatoa zzzz kama nyuki kwenye kopo, hasa kwa G. Nimeharibu?

babu_wa_vihiga
Hujaharibu, fundi wako alisugua sana. Kumbuka kwa wakati mwingine, ukitaka uzi ushuke milimita moja pale freti ya 12, kipande kinasuguliwa milimita mbili, na unasugua kidogo unarudisha unapima unasugua tena. Sasa legeza nyuzi, toa kile kipande. Tafuta kadi ya zamani ya kukwangua ya simu, kata ukanda mwembamba wenye upana na urefu wa ule mfereji, uweke chini yake, rudisha kipande, kaza nyuzi. Kama bado inanguruma ongeza wa pili. Usikate ya ATM.

Kuhusu kuimba, usiimbe maneno kwanza. Sema "la" moja kila gumba likigusa uzi, wiki nzima. Na kwa D muite mzee akae karibu, anaonekana ana masikio.

nyuzi_sita
Kadi ya kukwangua niliyopata ni ya shilingi ishirini, ilikuwa kwa Biblia ya mama kama alama. Nimeweka ukanda mmoja. G imenyamaza kunguruma. Mama anaulizia alama yake.