Mjadala: Ulimi ndimi, ufa nyufa. Ngeli tuzifundishe kwa jedwali au kwa sikio?

Mwalimu wa Nyakato

Wadau, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili darasa la sita hapa Mwanza. Juzi nimesahihisha zoezi la umoja na wingi, madaftari 74, na kuna daftari moja limeninyima usingizi. Maneno yalikuwa manne: ukuta, ulimi, wembe, ufa. Mtoto kaandika kuta, limi, embe, fa. Kapata moja, kakosa matatu, na kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.

Usiku nikalifungua tena. Huyu mtoto hakubahatisha. Kaona ukuta ukitoa u inabaki kuta, ufunguo inabaki funguo, basi katoa u kila mahali. Kilichomwangusha ni kanuni ambayo sikumfundisha, kwa sababu hata mimi sikufundishwa. Niliambiwa tu haya ni maneno maalumu, yakariri.

Nasema wazi: si maalumu. Yanafuata sauti, na sauti hizo mtoto anazo mdomoni tayari.

Jana nikajaribu. Nikawaambia washike koo, watamke b, d, g, z taratibu. Koo linatetemeka. Kisha p, t, k, s, f. Kimya. Nikawapa neno nyumba, wanitajie sifa zake. Nyumba mbaya, nyumba ndogo, nyumba ngumu, nyumba nzuri. Haya, zingine? Nyumba pana, kubwa, fupi. Nikauliza, m na n zimekwenda wapi? Binti wa dawati la mbele, mkono bado uko kooni, akajibu: "Zimekataa kukaa na zile za kimya, mwalimu." Miaka yote niliyofundisha ngeli hakuna mtoto aliyewahi kunipa sababu.

Mwenzake akadaka: mbona tunasema nyumba mpya, na p ni ya kimya? Tukapiga makofi kwa silabi. Pa-na, mawili. Ku-bwa, mawili. Pya, moja. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la kofi moja halina pa kuuweka. Kwa hiyo m inabaki, inakuwa silabi kamili na kubeba mkazo: m-pya. Ndivyo ilivyo kwa m-bwa, n-chi, n-ta.

Sasa rudini kwenye ufa. Ukitoa u inabaki fa, kofi moja. Lugha haikubali. Inaiacha u palepale, inatanguliza n ileile ya nyumba nzuri, na n ikikutana na irabu inakuwa ny: nyufa. Uso nyuso, uzi nyuzi, ni hivyohivyo. Wembe na wimbo zina irabu baada ya w, ndiyo maana ni nyembe na nyimbo. Ulimi ukitoa u, n inakutana na l, na zikikutana hizo zinazaa nd: ndimi. Hata waya, neno tulilolipokea kutoka Kiingereza, limeingia kwenye mstari huo. Watu walisikia wa- ya mwanzo wakaitendea kama ya waraka, wakasema nyaya.

Hoja yangu ndiyo hiyo: sauti kwanza, jedwali baadaye. Anayepinga aseme.

Mstaafu wa Magu

Mwanangu, nimeshika chaki miaka 34, na napinga.

Somo lako ni tamu. Lakini mtihani wa darasa la saba hauulizi sababu. Unauliza wingi wa ufa, mtoto aonyeshe nyufa aende zake. Una watoto 74, wote utawashikisha koo? Halafu sauti zenyewe zinahadaa. Utawaambia ki- ikikutana na irabu inakuwa ch-: chumba, chakula, chombo. Sawa. Mbona kiatu hakikuwa chatu? Chatu ni nyoka. Kiazi je? Kioo je? Jino wingi wake meno, kwa kuwa ma na ino zimeungana. Jina nalo lina i ileile, mbona tunasema majina, hatusemi mena? Mtoto akishaliamini sikio lake atakuandikia mena, nawe utamkosesha kwa kosa ulilompa mwenyewe. Jedwali halimwangushi mtoto.

Aliyesoma isimu, Malimbe

Shikamoo mzee. Kwenye kiatu naomba nimtetee mwalimu.

Twende kwenye Kisukuma. Njia tunaiita nzila, mvua tunaiita mbula. Kiswahili kiliidondosha l iliyokuwa katikati ya irabu, Kisukuma kikabaki nayo. Kiatu nacho kilikuwa na konsonanti pale. Wakikuyu wanaitamka mpaka leo, kĩratũ. Kwa hiyo wakati ki- za chakula na chumba zinageuka ch-, ki- ya kiatu ilikuwa bado haijagusana na irabu. Konsonanti ilipodondoka, mabadiliko yalikuwa yamekwishapita. Jina na majina nakuachia mzee wangu. Hapo wasemaji walishaacha kuihesabu ji- kama kiambishi, wakalibeba neno zima kama mzizi. Hilo ni la kukariri.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma. Kupika mpishi, kulinda mlinzi, kujenga mjenzi, kuiba mwizi. Shuleni tuliorodheshewa tu. Anayezibadili konsonanti hizo ni ile -i ya mwisho, ila si i hii tunayoitamka leo. Kibantu cha kale kilikuwa na irabu saba, na mojawapo ilikuwa i ya juu kabisa, imebanwa kiasi cha kuikwaruza konsonanti iliyotangulia. Kiswahili kikaichanganya na jirani yake, irabu zikabaki tano, na alama ya mkwaruzo ikabaki kwenye mpishi na mlinzi. Kisukuma bado kina irabu saba. Maana yake mtoto wa Kwimba anaingia darasani na masikio yanayotenganisha sauti ambazo mwalimu aliyekulia Kiswahili peke yake hazitenganishi. Kisha tunamwambia ana ulimi mzito. Mimi niliambiwa hivyo mbele ya darasa zima, na nikanyamaza mwaka mzima.

Mzaliwa wa Tanga, naishi Igoma

Pole kwa hilo ndugu. Ila niulize: sikio la nani?

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi hiyo mwaka 1930. Bibi yangu anatofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi. Huyu wa porini p yake inatoka na hewa, ukiweka kiganja mbele ya mdomo unaihisi. Pumzi hiyo ni alama ya ile m iliyokuwa mbele ya p. M imeondoka, pumzi imebaki. Tahajia haiiandiki, na nimekaa Mwanza miaka tisa sijamsikia mtu akiitamka. Hapa nasikia mengine. Rafiki wa mwanangu kaandika "mti mlefu" na "kalamu mbiri". Huyo ndiye tumwambie afuate sikio lake?

Mwalimu wa Nyakato

Ndugu wa Tanga, nashukuru kwa bibi yako. Sasa weka kidole chini ya pua ya mzee wa Kisukuma anapoitikia salamu: mhola. Pumzi iko hapo, ila imepita kwenye m. Mtu ni munhu, n yenye pumzi. Pwani m iliondoka ikaiachia p pumzi. Huku p, t na k ndizo zilizoondoka, zikaziachia pumzi sauti za puani. Chanzo ni kimoja. Bibi yako na bibi yangu wangeshangaana dakika moja tu.

Kuhusu mlefu. Mtoto huyo lazima afundishwe r, sibishani. Lakini muulize: kwa nini mti mrefu, ila njia ndefu? Anayesema refu kwa r haoni d imetoka wapi. Anayesema lefu anaona, kwa sababu n na l zinazaa nd, kama ulimi na ndimi. Kosa lake limebeba asili ya neno. Nitaweka alama ya kosa, kisha nitakaa naye nimwonyeshe hilo.

Mama wa Mwaloni

Walimu shikamooni. Mimi niliishia darasa la saba, nauza samaki Kirumba mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Naomba nichangie kidogo.

Huku maneno yanakuja na mizigo, na hakuna anayeuliza jedwali. Kokoro, ule wavu uliopigwa marufuku, wingi makokoro. Panki, yaani kichwa na mifupa ya sangara kiwanda kikishachukua minofu, wingi mapanki. Kreti, makreti. Mwalo mmoja, mialo miwili. Kilabu kikiwa zaidi ya kimoja ni vilabu. Ule mzunguko wa barabara tunauita kipilefti, na ikiwa miwili tunasema vipilefti. Mwanangu kaniambia eti ni maneno mawili ya Kiingereza ya kumwambia dereva ashike kushoto. Sisi tulisikia ki tukaishika.

Hapo nakuunga mkono mwalimu. Ila kuna kitu kinanisumbua kila siku mezani. Sangara wawili au sangara mbili? Mteja akimwona bado anatapatapa mtumbwini anasema wawili. Akifika kwangu, samaki wako kwenye barafu, anasema nipe mbili. Neno ni lilelile, sauti ni zilezile, kilichobadilika ni samaki. Msije mkawaambia watoto kwamba sauti ndiyo kila kitu.

Mstaafu wa Magu

Mama huyu aje atufundishe.

Mama wa Shirati

Mimi ni Mjaluo wa Rorya, wanangu wanasoma Mwanza kwa shangazi yao. Nimesoma yote mliyoandika, na kuna mtu mmemsahau.

Mwalimu, umesema mtoto anazo sauti hizi mdomoni tayari. Msukuma anazo, Mkerewe anazo, Mjita anazo. Kijaluo si lugha ya Kibantu. Hatuna m-, ki- wala ma- mbele ya neno. Wingi wetu unakaa mwishoni. Got ni kilima, gode ni vilima. Kidi ni jiwe, kite ni mawe. Chogo ni mfupa, choke ni mifupa. Mwanangu alipoambiwa aandike wingi alikuwa anatazama mkia wa neno, mwalimu wake anamwonyesha kichwa. Alirudi nyumbani akaniambia Kiswahili kinamchukia. Mkianza na nzila na mbula, wenzake watacheka kwa furaha, yeye atakaa nyuma tena. Jedwali angalau ni geni kwa wote.

Mwalimu wa Nyakato

Mama, nimekusoma mara tatu. Kweli nilikuwa nafikiria dawati la mbele tu. Darasani kwangu wako Wajaluo sita, na sikuwahi kuwauliza jiwe kwao linaitwaje.

Lakini tazama maneno yako mwenyewe. Kidi na kite: d na t. Chogo na choke: g na k. Got na gode: t na d. Hizo ndizo jozi nilizoandika ubaoni jana, ya kutetemeka na ya kimya. Watoto wangu wengine walihitaji kushika koo ili waigundue tofauti. Mwanao anaitumia kuhesabu mawe. Jumatatu nitaanza somo na got na gode, ndipo nije kwenye nyumba pana. Naomba unisaidie matamshi, nisiwaharibie watoto lugha yao.

Mzee wa Magu, jedwali litabaki ukutani na watalikariri, kwa ajili ya mtihani. Jina na majina nimeyaweka kwenye orodha ya kukariri, pamoja na swali la mama wa sangara, ambalo nitawaachia walijadili wao.

Na yule mtoto wa fa nilimwita leo saa ya mapumziko. Tukapiga makofi pamoja. Fa. Akatulia, akaandika nyufa. Nikampa uso, akaandika nyuso. Kisha akaniuliza yeye: "Na uma wa kulia chakula?" Nikamwambia ajaribu. Akapiga kofi moja, ma, akatikisa kichwa, akaandika nyuma. Akalitazama neno lile muda mrefu.

"Mwalimu, si ndiyo hii ya nyuma ya nyumba?"

Inaandikwa vivyo hivyo, nikamwambia. Akakimbilia nje kuwaeleza wenzake.