Huyu daktari wetu wa ghorofa ya pili, jamani, ameniuliza kama NIMEOLEWA

NyarNyalenda:

Nimetoka pale sasa hivi. Niko kwa ngazi, jicho moja nimelifunga, lililobaki ndilo linaandika. Herufi zikikosewa mtajua wenyewe.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Ghorofa ya pili, juu ya wauza mashuka ya mitumba, kiti cha kuzunguka, kalenda ya mwaka juzi ukutani, na kale kafeni kanakopiga kelele bila kutoa upepo. Huyo huyo.

Kichwa kimenianza jana jioni. Si kichwa cha njaa wala cha jua la Kisumu. Ni kipandauso, upande wa kushoto, nyuma ya jicho, kinadunda sawasawa na moyo. Kabla hakijaja huwa naona vimistari vya kona kona vinang'aa pembeni, halafu ninayeongea naye anapotea nusu uso. Hapo najua leo nimekwisha. Jirani akianika omena, harufu yake inaniingia mpaka kwa mifupa. Matatu ya Kondele ikipita na ule muziki, natamani niwe kiziwi mpaka Jumatatu. Usiku nimetapika mpaka chakula cha Krismasi ambacho bado sijakila.

Nikajikokota asubuhi, miwani nyeusi, leso kichwani. Mama mmoja kwa foleni akanipa pole ya msiba. Nikaipokea.

Elfu mbili za kumwona. Kumwona tu! Kwa hiyo pesa ningeingia hifadhi ya wanyama ya Impala nikaone simba, na simba angalau angeniangalia.

Nikaanza kueleza. Yeye yuko kwa simu, anaangalia ploti Riat, nimeiona picha, hata nyasi haina. Nilipofika mahali pa kutapika ndipo akainua macho, akanipima kuanzia viatu, akasema: "Umeolewa?"

UMEOLEWA.

Nikadhani anajaza fomu. Fomu huwa na hiyo sehemu. Nikajibu kwa adabu kabisa, bado, daktari. Akatikisa kichwa polepole, vile fundi hutikisa akishafungua boneti ya gari la mtu maskini. "Basi ndiyo hiyo. Mkikaa peke yenu mnawaza sana." Akaandika Panadol. Nikamwuliza kuhusu propranolol, kwa sababu nimeisoma na wenzangu wanaitumia. Akasema hiyo ni ya presha, kwani wewe una presha? Nikasema sina. "Umeona?" Akarudi kwa ploti yake.

Kwa hivyo mimi nitapike, nisione, nilipe, halafu niulizwe umeolewa? Nikija na mguu umevunjika nitaulizwa kama nina mchumba?

Omwami_wa_Mbale:

Pole sana dada. Lakini hujatujibu. Umeolewa?

NyarNyalenda:

Nikipona nitakutafuta.

JakomKondele:

Huyo namjua. Mimi nilienda na mgongo. Akaniuliza umeoa? Nikasema ndiyo, daktari. Akasema, "Basi ndiyo hiyo."

MamaPacha_Kakamega:

Walai nimecheka na mimi mwenyewe kichwa kinauma. Nyar Nyalenda, usidanganywe. Mimi nimeolewa, tena kanisani, tena na mbuzi wakatolewa, na kichwa ndiyo kimezidi. Labda huwa tunatakiwa kubandika cheti cha ndoa kwa paji la uso.

Mfugaji_Bahati:

Sisi huku Nakuru tunajua shida ni hizo nywele mnasuka zikakazwa mpaka macho yanakaa ya Mchina. Fungua nywele, kunywa maji, lala. Elfu mbili ungenunua kuku.

MamaPacha_Kakamega:

@Mfugaji_Bahati nina upara wa kujinyoa tangu mwaka jana. Endelea na kuku.

SindanoTaratibu:

Wacha niongee kama mtu wa kazi, halafu mnitukane mkimaliza.

Kipandauso ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu na ubongo. Hautokani na kukosa bwana. Bila dawa, shambulio moja hukaa kati ya saa 4 na 72. Wanawake hupatwa karibu mara tatu ya wanaume, na homoni zina mkono wao hapo. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, zaidi ya miezi mitatu, na siku 8 kati ya hizo zikiwa za kipandauso, tunauita sugu, na mtu wa namna hiyo hapewi Panadol na kuambiwa aende.

Kuna dawa za kukata shambulio na kuna za kuzuia. Za kukata, mfano ni sumatriptan, iko duniani tangu 1991. Unameza maumivu yakianza, si baada ya kuvumilia mpaka jioni, kwa sababu shambulio likishika, tumbo nalo hulala na kidonge kinakaa hapo bila kazi. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi asiiguse. Za kuzuia nyingi zilianza kazi kwingine: propranolol kwa presha na moyo, amitriptyline kwa sonona, topiramate kwa kifafa. Ndiyo maana unapewa dawa ya presha na presha huna. Mwenye pumu asipewe propranolol, mwenye mimba au anayeitafuta asipewe topiramate. Na unaipa wiki kadhaa, hata miezi miwili, kabla ya kusema haifanyi kazi. Kuna na sindano mpya za kuzuia, ya kwanza iliidhinishwa Marekani 2018, lakini kwa bei zake tusidanganyane hapa.

Na hizo za kutuliza maumivu mnazonunua mbili mbili kwa kibanda: ukizila siku 15 kwa mwezi, au siku 10 kama ni zile zenye mchanganyiko wa dawa, zenyewe zinaanza kuleta kichwa.

Swali la maana angeuliza kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi. Anayeona vile vimistari vya kona kona akitumia vyenye estrojeni, hatari ya kiharusi inapanda. Hilo ndilo swali.

JakomKondele:

Umemaliza? Nilikuwa nimeenda kunywa chai.

Omwami_wa_Mbale:

Kwa hivyo daktari alikuwa anaelekea kwa kupanga uzazi, akapotelea kwa harusi. Tumsamehe.

NyarNyalenda:

Hatusamehe mtu! @SindanoTaratibu asante, nimeipiga picha, nitamwekea mezani kwake juu ya hiyo simu. Lakini mtu angeniuliza vidonge ningejibu vidonge. Ameniuliza UMEOLEWA. Na sauti yenyewe mngeisikia! Ile ya shangazi kwa matanga.

Busia_Mpakani:

Mnapelekea nini hospitali? Chemsha mwarobaini, jifukize chini ya blanketi. Kisipotoka, kuna mtu anakuangalia vibaya hapo kwa ploti.

SindanoTaratibu:

Joto na harufu kali, mtu wa kipandauso? Unataka kumuua chini ya blanketi? Na mkiwa hapo: kichwa kikikupiga ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuona, au kikija na homa na shingo ngumu, au mkono ukalegea, mwarobaini uache. Panda boda, enda Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa hapa Kisumu, usiku huo huo.

Busia_Mpakani:

Daktari wa intaneti.

MamaPacha_Kakamega:

Mimi shida yangu hata si daktari, ni kazini. Ukisema unaumwa na malaria unapewa chai na pole. Ukisema kichwa unaambiwa kila mtu ana kichwa. Yule mkubwa wetu, mnaomjua mnamjua, alizima taa moja kati ya nane akasema amenisaidia.

JakomKondele:

Huyo mkubwa wenu ndiye alikopa kiti cha harusi yetu hajarudisha.

Mfugaji_Bahati:

Na kwa vile tunaongea kuhusu vichwa. Nilikuja huko Kisumu wikendi, nikaenda ile hoteli ya kando ya ziwa, ile yenye bendi na paka. Nikaagiza ngege mzima. MZIMA. Akaletwa bila kichwa. Nikauliza kichwa kiko wapi, kijana akasema "kilikuwa kidogo."

Omwami_wa_Mbale:

Waaa. Kichwa cha samaki ndicho samaki!

JakomKondele:

Wewe ni mtu wa Nakuru, walikuona ukija. Sisi hawawezi. Hicho kichwa kililiwa jikoni na mpishi akiwa amesimama.

Busia_Mpakani:

Huyo hata si wa ziwa. Ni wale wa katoni kutoka China. Ngege wa ziwa ukimbonyeza anarudi.

NyarNyalenda:

Jamani. Mimi ndiye mwenye uzi. Bado sioni upande wa kushoto.

Omwami_wa_Mbale:

Dada pole, lala kwa chumba chenye giza. @Busia_Mpakani, kumbonyeza pekee hakutoshi, angalia na mashavu ndani. Yakiwa mekundu ni wa leo, yakiwa kahawia amelala kwa barafu.

MamaPacha_Kakamega:

Wa kufugwa kwa bwawa naye utamjuaje? Mimi hununua wa bwawa huku Kakamega na mashavu ni mekundu vizuri kabisa.

JakomKondele:

Wa bwawa ananuka tope, hata umpike na ndimu tatu. Mkubali tu ya kwamba huko kwenu hamna samaki, mna kuku.

MamaPacha_Kakamega:

Na kuku wetu huletwa na kichwa.

Mfugaji_Bahati:

Nimewapigia hoteli. Wanasema nilete risiti. Nani huweka risiti ya samaki?

SindanoTaratibu:

Mimi. Kama ulilipa kwa M-Pesa ujumbe bado uko kwa simu, onyesha huo.

Mfugaji_Bahati:

Nililipa taslimu. Mia tisa.

JakomKondele:

MIA TISA?? Bila kichwa??