Luigi Nono: alianza na makelele, mbona mwishoni kimyaa?

besi_wa_mbagala
Wakuu habarini. Naimba besi kwaya ya kanisa huku Mbagala, sasa kuna jamaa kanirushia miziki ya Luigi Nono, yule mtunzi Mtaliano wa Venice. Nikaanza na opera yake Intolleranza 1960, kwaya inafoka balaa. Kuja ile kwarteti ya nyuzi (wapigaji wanne) ya 1980, unasikia violini kwa mbali, kimya, tena kimya, nikajua bando limekata. Ni mtu yuleyule kweli au alishachoka siasa?

alto_kigamboni
Ni yuleyule mkuu. Huyo aliingia chama cha kikomunisti cha Italia 1952, na Il canto sospeso ya 1956 maneno yake ni barua za wapinga ufashisti waliohukumiwa kifo, wanaaga kwao. Halafu neno kalikatakata, soprano anaanza silabi, teno anamalizia, sisi tuliozoea kutamka kwa pamoja tungeachana njiani. 1964 kwenye La fabbrica illuminata karekodi kiwanda cha chuma cha Genoa, mitambo na wafanyakazi, vyote kwenye tepu, dada mmoja anaimba juu yake. Iweke ukiwa kwenye daladala la Gongo la Mboto uone kama utajua injini ni ipi 😂

mzee_wa_solfa
Alto hujamjibu swali lake. Mabadiliko yalianza 1976, alivyomwandikia mpiga piano Pollini kipande cha piano, Pollini anapiga huku tepu inamrudishia piano yake mwenyewe, na humo kuna mwangwi wa kengele za Venice. Kwenye hiyo kwarteti, nota zimeandikiwa maneno ya mshairi Hölderlin ila ni marufuku kuyasoma kwa sauti, wapigaji wanayaimba moyoni. Sasa hapo siasa imeenda wapi? Imehamia kwenye sikio la msikilizaji. Ndo maana Prometeo, 1984, aliiita tanzia ya kusikiliza, watu wamekaa kati ndani ya kanisa la San Lorenzo, wanamuziki wamewazunguka.

kijana_temeke
Shikamoo mzee, ila mi naona alipoa tu. Mfanyakazi wa Genoa kwenye La fabbrica anajisikia mwenyewe mle ndani, sasa hiyo Prometeo ya saa mbili na ushee ni ya nani, kama sio ya wenye muda wao?

mzee_wa_solfa
Marahaba. Umeisikiliza yote au umerukaruka?