Venture, Heron au Cormorant: naomba ulinganisho kwa anayeanza EVE Online

MwanaPasua (Moshi)
Habari zenu wakuu. Nimeanza kucheza EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za angani, wiki tatu zilizopita, na sasa nimefika mahali ambapo ni lazima ninunue meli ya kwanza ya maana badala ya ile Ibis ninayopewa bure ninapofika kituoni bila chombo. Nimebakiwa na chaguo tatu: Venture ya kuchimbia, Heron ya upelelezi na Cormorant ya mapigano. Kaka yangu aliyeko Arusha ananisisitiza nisinunue hata moja kati ya hizo, bali nisubiri hadi nipate fedha za kruza, yaani meli kubwa zaidi. Ninaomba mnisaidie kuamua kabla ya Jumamosi, na mniambie pia nifunge vifaa gani.

Kijenge_Juu (Arusha)
Ndugu, umetaja meli tatu lakini hujatuambia lolote kuhusu wewe mwenyewe. Una ISK, yaani fedha za mchezo, kiasi gani? Unatumia akaunti ya bure ya Alpha au unalipia Omega? Unacheza kwa muda gani bila kukatizwa, na umeme wa huko kwako ukoje? Usidhani swali la umeme ni la pembeni. Usipoyajibu haya, kila mtu hapa atakusifia meli anayoipenda yeye.

MpagaziMachame
Mimi nitasema Venture hata kabla ya majibu hayo, kwa sababu ni meli isiyobagua: himaya yoyote uliyoichagua mwanzoni inakuruhusu kuiendesha, akaunti ya Alpha inaitosha, na tumbo lake linachukua mawe ya mita za ujazo 5,000. Ina nafasi ya droni ndogo mbili za kuwafukuza maharamia wa kompyuta wanaokuja kusumbua kwenye mikanda ya mawe. Halafu ina sifa ambayo wengi huisahau, nayo ni kwamba imeundwa na kinga ya alama 2 dhidi ya vizuizi vya kuruka, yaani vifaa vinavyoizuia meli isitoroke kwa mwendo wa kasi wa angani, hivyo adui mmoja mwenye kizuizi kimoja cha kawaida hawezi kuishikilia ikitaka kukimbia.

Kuhusu vifaa, kazi yangu ni upagazi mlimani, na kabla hatujaanza kupanda mizigo yetu hupimwa langoni. Anayezidisha kilo 20 hupunguziwa hapo hapo. Meli za EVE zina mzani wa namna hiyo, tena miwili. Kila kifaa kinakula sehemu ya umeme wa meli na sehemu ya uwezo wa kompyuta yake, na ukizidisha mmoja wapo, kifaa hakiwaki. Kwa Venture utafunga leza mbili za kuchimbia kwenye nafasi za juu, kiongeza ngao kwenye za katikati, na chini kuna nafasi moja tu, ambayo wewe mwenyewe utaamua kama ni ya kuongeza uchimbaji au ya kupunguza madhara ukishambuliwa. Mimi huweka ya kupunguza madhara.

DadaNjiro
Kwa heshima zote kaka Mpagazi, mtu mwenye saa mbili kwa siku akizitumia kuangalia leza ikila jiwe, atachoka na mchezo kabla ya mwezi kwisha. Mdogo wangu, nunua Heron. Ina nyongeza ya nguvu kwa vichunguzi na kwa udukuzi, na nafasi zake za katikati zinatosha kubeba kidukuzi cha mabaki ya kale, kidukuzi cha data na kifaa cha mwendo kwa pamoja. Faida ya mabaki ya kale ni kwamba hayachukui nafasi: mzigo unaoingia kwenye kona ya meli unaweza kulipia meli kadhaa za aina hiyo.

Sitakuficha upande wa pili. Katika anga salama, yaani mifumo ya nyota yenye alama ya usalama ya 0.5 hadi 1.0, utakachopata ni kidogo sana. Fedha ziko kwenye mifumo ya 0.0 kwenda chini na kwenye matundu ya anga, yaani njia za siri za kuvukia mifumo isiyo kwenye ramani, na huko ndani ya matundu orodha ya mazungumzo haikuonyeshi nani yupo mpaka mwenyewe aandike. Inabidi ubonyeze skana ya masafa kila baada ya sekunde chache. Mwisho wake ni vipimo 14.3, kila kimoja kikiwa sawa na umbali wa Dunia hadi Jua. Ukiona meli usiyoijua imetokea kwenye orodha, unaacha kudukua hata kama umebakiza hatua moja. Na kabla hujavuka tundu lolote, hifadhi alama ya mahali pa kutokea.

FundiSakina
Ninapingana na wote wawili. Anayeanza kwa kuchimba anajifunza kuwindwa, na anayeanza kwa Heron anajifunza kukimbia. Cormorant ni destroya, yaani meli ya vita iliyo kubwa kidogo kuliko frigeti, ina safu ya mizinga na masafa marefu, na inamfundisha mtu jinsi umbali, kasi na shabaha vinavyohusiana, jambo ambalo atalihitaji katika meli yoyote atakayoiendesha baadaye. Sharti lake ni ujuzi wa frigeti (meli ndogo) za himaya ya Caldari kufika ngazi ya 3, na ujuzi katika mchezo huu huendelea kukua hata ukiwa umelala.

MpagaziMachame
Fundi, anayechimba kwenye mfumo wa 0.9 anawindwa na nani? Polisi wa CONCORD wapo.

FundiSakina
CONCORD hawalindi, wanaadhibu. Ni kweli kwamba anayekushambulia bila haki katika anga salama lazima apoteze meli yake, lakini wawindaji huja na destroya za bei ndogo wakiwa wameshakubali kuzipoteza, na wanapiga hesabu ya kukumaliza kabla polisi hawajafika. Kwenye 1.0 polisi hufika upesi na kwenye 0.5 huchelewa zaidi, ndiyo maana wawindaji hupenda 0.5. Venture ya bei rahisi huenda wakaiacha, lakini huo ni uamuzi wao, si wako.

MwanaPasua (Moshi)
Samahanini kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Nina ISK milioni 14. Akaunti ni Alpha na nilichagua Caldari. Ninacheza kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne, na Jumamosi mchana. Kompyuta yangu ya mkononi imekufa betri, hivyo inategemea umeme wa ukutani moja kwa moja, na intaneti ninaichukua kwenye simu. Umeme hapa kwetu hukatika, si kila siku, lakini hukatika.

Kijenge_Juu (Arusha)
Asante, hapo sasa tunaweza kuzungumza. Nitakusimulia yaliyonipata ili umjibu kaka yako kuhusu hiyo kruza.

Nilipokuwa na umri wako katika mchezo, niliweka akiba mpaka nikanunua Caracal, kruza ya makombora ya Caldari. Fedha zote ziliishia kwenye meli na vifaa, sikubakiza hata za bima. Katika kuipamba nilifanya kosa ambalo nadhani kila mgeni hulifanya: niliweka kiongeza ngao, kisha nikaona nafasi za chini ziko wazi nikajaza bamba la deraya na mtambo wa kuikarabati, nikiamini kwamba kinga mbili ni bora kuliko moja. Kumbe bamba lile liliifanya meli iwe nzito na ya polepole kugeuka, mtambo wa kukarabati ukawa unanyonya kapasita, yaani akiba ya umeme ya meli, na nafasi ambazo zingebeba viongeza nguvu vya makombora zikawa zimekaliwa.

Nikachukua kazi ya kuwafukuza maharamia kwa wakala, yaani mhusika wa kompyuta anayegawa kazi za malipo. Katika dakika za mwanzo nilikuwa nafurahi. Halafu frigeti zao mbili ndogo zikanikaribia na kunifunga nisiweze kuruka, na makombora yangu makubwa yakawa hayazidhuru sawasawa kwa sababu zilikuwa ndogo na zenye mbio, na droni za kuzishughulikia sikuwa nimenunua. Unazijua zile pete tatu zilizo chini ya kioo: ya nje ya ngao, ya kati ya deraya, ya ndani ya mwili wa meli. Pete ya nje ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu yote. Katikati yake zile nuru za kapasita zenye rangi ya chungwa zilikuwa zinazimika moja baada ya nyingine, na nilikuwa nazihesabu: saba, sita, tano. Zilipobaki tatu, umeme ukakatika Kijenge nzima.

Kompyuta yangu ilikuwa na betri, lakini ruta ilizimika. Mtandao ukikatika, mchezo hujaribu kuirusha meli yako mbali na hatari kisha kuiondoa angani, ila meli iliyofungwa na kizuizi haiwezi kuruka, hivyo inabaki pale ikipigwa. Nilitafuta simu gizani, nikaunganisha intaneti, nikaingia tena. Nilijikuta ndani ya kapsuli, kile chombo kidogo anachobaki nacho rubani meli ikilipuliwa, ninaelea peke yangu, na mabaki ya Caracal yako mbele yangu. Sikuweza hata kurudi kuyaokota kwa sababu maharamia walikuwa bado wanazunguka. Nilirudia Ibis siku hiyo hiyo, na nilikaa wiki nzima bila kufungua mchezo.

Kwa hiyo ISK milioni 14 usiziweke kwenye chombo kimoja. Nunua kitu ambacho ukikipoteza saa tatu usiku, saa tatu na dakika tano unakuwa umeshapanda cha pili.

DadaNjiro
Pole sana kaka. Ila hadithi yako inanisaidia mimi zaidi kuliko Mpagazi: Heron iliyojificha mbali na watu umeme ukikatika, huruka yenyewe na kutoweka. Haikufungwa na mtu yeyote.

MpagaziMachame
Na Venture vilevile, dada. Tena ina kinga ya ndani.

BabuUsaRiver
Nimeanza mchezo huu mwaka 2009, wakati hakukuwa na akaunti ya bure. Alpha ilikuja Novemba 2016, na naona vijana wa sasa mna bahati kuweza kujaribu kabla ya kulipa dola 20 kwa mwezi.

Nina mambo machache kwa MwanaPasua. Kwanza, usiogope kwamba seva iko London na wewe uko chini ya mlima. Mchezo huu hukokotoa matukio kwa hatua ya sekunde moja moja, kwa hiyo kuchelewa kidogo kwa intaneti ya simu hakukuumizi kama kungekuumiza kwenye michezo ya kulenga na kufyatua. Pili, kuna vifaa vya kudumu vinavyoitwa rigi. Ukishavifunga huwezi kuvitoa bila kuviharibu, basi usiviweke mpaka uwe na uhakika na meli. Tatu, chagua ngao au deraya, usichanganye, kama alivyosimulia Kijenge. Nne, bima hulipia meli yenyewe na haifidii vifaa ulivyovifunga.

Kuhusu mwendo, kwa Cormorant na kazi za mawakala weka kisukumo cha kawaida. Kile kikubwa kinaipa meli kasi ya ajabu, lakini kinakula kapasita na kuifanya ionekane kubwa mara nyingi zaidi kwenye shabaha ya adui.

FundiSakina
Shikamoo babu. Hapo kwenye kisukumo sikubali. Cormorant hupiga kutoka mbali, na umbali huo lazima uupate mapema kabla maharamia hawajakukaribia. Kisukumo kikubwa unakiwasha sekunde chache tu, unafika unapotaka, unakizima.

BabuUsaRiver
Marahaba. Unakizima wewe uliyezoea. Mgeni hukisahau kikiwaka, anashangaa kapasita imekwenda wapi. Na akikutana na kizuizi cha masafa mafupi, kisukumo kikubwa huzimwa, wakati cha kawaida huendelea kufanya kazi.

FundiSakina
Maharamia wa kazi za daraja la kwanza wangapi wana kizuizi hicho, babu? Tumshauri kwa kazi atakayoifanya Jumamosi, si kwa vita vya mwakani.

DadaNjiro
Jamani, hajasema kwamba ananunua Cormorant.

MwanaPasua (Moshi)
Nawashukuru wote. Kruza nimeiacha, na kaka nimempelekea hadithi ya Caracal, bado hajajibu. Ninavutwa na Venture kwa sababu ya umeme, na ninavutwa na Heron kwa sababu ya alichosema dada kuhusu muda wangu. Huenda nikanunua moja ya kila aina, kwa kuwa zote mbili na vifaa vyake haziwezi kumaliza milioni 14. Ila nimeona bei za Jita, kwenye lile soko kubwa la mchezo, ni nafuu kuliko za kituo changu, na Jita iko mbali nami kwa malango tisa ya kuvukia kutoka mfumo hadi mfumo. Je, niende?

MpagaziMachame
Nenda na Ibis ukiwa huna mzigo wowote, kisha urudi ukiwa unaendesha Venture yenyewe. Heron itakulazimu safari ya pili.

DadaNjiro
Na usimwachie rubani otomatiki. Yeye hukuteremsha kilomita kadhaa kabla ya kila lango, halafu meli inatambaa polepole kulifikia, na pale karibu na Jita ndipo wanaposubiri watu wa namna hiyo. Vuka kila lango kwa mkono wako. Malango tisa ni dakika chache tu.

FundiSakina
Babu, nimejaribu sasa hivi kwenye Cormorant yangu. Kisukumo kikubwa nilikiwasha kwa mizunguko miwili, na kapasita ikabaki zaidi ya nusu. Nitaweka orodha ya vifaa hapa kesho uikague.

BabuUsaRiver
Iweke, nitaiangalia. MwanaPasua, Jumamosi unaingia saa ngapi? Seva hufungwa kila siku saa nane mchana kwa saa zetu kwa ajili ya matengenezo, na isikukute katikati ya safari ya Jita.

MwanaPasua (Moshi)
Sikulijua hilo, babu. Nilikuwa nimepanga kuingia saa saba na nusu. Basi nitaingia saa tisa, umeme ukiwepo.