Muvi zinaiba riwaya za kutisha, kisha zinatuuzia sehemu ya pili. Nimechoka!

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Hasira hii ninayo tangu Jumamosi usiku, na nisipoitoa itaniziba koo. Atakayesema "ni muvi tu hiyo" namwomba apite, nyuzi za kupitishia wakati ziko nyingi.

Mimi niko Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Naangalia nyumba ya wageni, mwaka wa 13 huu. Wageni wakiondoka huacha vitabu: chini ya mto, juu kwenye makuti, popote. Kimoja nilikikuta kimerowa maji ya bahari hadi kurasa zimegandana, nikakianika ukutani siku 2, nikakifungua ukurasa mmoja mmoja kwa kisu cha siagi. Situpi hata kimoja. Nimevipanga kwenye zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani, na vingi ni riwaya za kutisha. Nimezisoma zote, nyingine mara 3.

Nina mpwa wa miaka 19. Si mtu wa vitabu. Ilinichukua mwezi mzima wa kumbembeleza mpaka akaanza Pet Sematary ya Stephen King, iliyotoka 1983, riwaya ya ardhi ambayo aliyezikwa hapo hurudi, lakini si yule yule. Akikwama kwenye neno ananiuliza, tunaendelea. Wiki mbili zilizopita akafika kwenye tiara.

Mliosoma mnajua ninachosema. Daktari Louis Creed anamchukua mwanawe mdogo, Gage, wanakwenda uwanjani kurusha tiara. Upepo mzuri, uzi umekazana, mtoto amewekewa uzi mkononi na anausikia unavyovuta. Anacheka. Na ndani ya kicheko hicho hicho mwandishi anakuambia, kwa sentensi moja isiyo na kelele, kwamba mtoto huyu hajabakisha hata miezi 2 duniani. Mpwa wangu alikifunga kitabu, akatia njiti ya kiberiti mahali pake, akatoka akakaa dakani, kibarazani pa mlangoni, kama nusu saa. Aliporudi akaniuliza, "Mjomba, mbona amesema mapema hivyo?" Sikumjibu. Nilifurahi hadi usingizi ukanipaa. Kitabu kilikuwa kimemshika.

Basi Jumamosi kuna vijana walitandika shuka jeupe ukutani, wakawasha projekta, shilingi 50 kwa kichwa. Walionyesha Pet Sematary, ile ya 2019. Mpwa akaenda. Saa 5 usiku amerudi, akakichukua kitabu mezani, akakirudisha kidakani.

"Nimeshamaliza, mjomba. Mwisho nimeuona."

Mwisho upi? Akanieleza: wanakufa, wanarudi wote, baba, mama, binti, mpaka paka, na mtoto mdogo amebaki ndani ya gari anawatazama.

Jamani, huo si mwisho wa kitabu! Mwisho wa kitabu ni mtu mmoja, meza, karata anazozicheza peke yake, na nyayo nyuma yake. Hayo tu. Siongezi, kwa heshima ya ambao hawajasoma. Lakini mpwa wangu sasa anaamini amekimaliza kitabu ambacho hakukisoma hadi mwisho, na hakuna nguvu nitakayotumia kumrudisha, kwa sababu mtu aliyekwisha kushiba hata ukimpikia wali wa nazi hali.

Na mwisho si ubaya wa kwanza. Muvi ya 2019 imembadilisha hata mtoto anayekufa. Kitabuni ni Gage. Hapo wamemuua dada yake, Ellie, siku ya sherehe yake ya kuzaliwa. Naelewa hesabu yao: msichana mkubwa anaweza kuzungumza na kutazama kamera kwa jicho baya, mtoto wa miaka 2 utamwambia nini? Lakini Ellie ndiye anayeuliza katika kitabu kile! Ndiye anayemuuliza babake paka wake atakufa lini na kwa nini lazima afe, na baba, daktari mzima, anababaika, na mama naye hataki hata neno kifo litajwe nyumbani kwa sababu ya dada yake Zelda aliyemwona akifa. Kitabu chote kimesimama juu ya swali la msichana yule. Wao wamemuua muulizaji, wakambakisha mtoto asiyejua kuuliza. Baada ya hapo kimebaki nini? Maiti yenye kisu.

Nieleze kwa nini inaniuma hivi. Nyumba ya akina Creed, huko Maine, iko kando ya barabara inayopita malori makubwa usiku na mchana. Sisi Amu hatuna barabara ya namna hiyo. Tuna punda, na siku hizi bodaboda kadhaa. Lakini kila mzazi wa hapa anazijua ngazi za gati maji yakijaa, zimeota ukoga, na mtoto amekuponyoka mkono. Louis anamkimbilia mwanawe, vidole vyake vinaligusa koti la mtoto, havilishiki. Nimeusoma ukurasa huo mara 3, na mara zote 3 nimenyanyuka kwenda kuhakikisha mlango wa ngazi umefungwa, na nyumba haina mtoto hata mmoja. Kisha yanakuja mazishi. Sisi tunazika siku hiyo hiyo, tunasoma hitima, tunaambiana tushike subira. Kitabu kinamchukua baba aliyeshindwa kuishika, kinakwenda naye mpaka makaburini usiku na koleo, akamfukue mwanawe, kurasa kwa kurasa, jasho, malengelenge ya mikono, kiuno kinauma, na wewe msomaji unataka kumwambia acha, huku unajua ungekuwa wewe ungechimba. Hiyo ndiyo hofu. Unajiogopa mwenyewe.

Muvi ya 1989 angalau ilibaki na Gage na tiara, na King mwenyewe ndiye aliyeiandika. Ina makosa yake, siigombanii sana. Lakini 1992 wakaleta ya pili. Familia nyingine, kijana mwingine aliyefiwa na mamake, paka amegeuka mbwa, na ile ardhi ya kuzikia imekuwa mashine tu: tia maiti, toa zimwi.

Kuna mtu ataruka hapa aniambie mimi ni wale wa "kitabu ni bora siku zote". La. Nisomeni vizuri.

The Shining, riwaya nyingine ya King, niliisoma mwezi wa Mei. Aliye Amu anaijua Mei: kusi linapiga, mvua haikatiki, hoteli zimefungwa, mashua zimevutwa juu. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye nyumba ya vyumba 9, nasoma kuhusu mtu aliyeajiriwa kuangalia hoteli iliyofungwa majira ya baridi. Kila magharibi nilikuwa nashuka kuizima pampu ya maji, maana nikisahau tangi linafurika na chokaa ya ukuta inalowa. Na kitabuni Jack Torrance kila siku anashuka kupunguza mvuke wa boila la zamani, maana akisahau litalipuka. Nilikuwa nikiiweka riwaya chini, nashuka gizani na tochi, mkono kwenye swichi ya pampu, na moyo unanidunda.

Kitabu hicho cha 1977 ni cha mlevi anayejitahidi kuacha. Aliwahi kumvunja mwanawe mkono kwa hasira za pombe, amefukuzwa kazi ya ualimu, na anampenda mtoto yule kwa dhati. Hoteli inamla kidogo kidogo kupitia hapo hapo kwenye kidonda. Karibu na mwisho, ile sura ya baba inarudi kwa muda mfupi sana, anamwambia mtoto akimbie na kwamba anampenda. Nililia, siogopi kusema. Na boila, ambalo hoteli imelisahau kwa ulafi wake, mtoto ndiye anayeikumbusha, na hoteli nzima inateketea.

Stanley Kubrick akaja na muvi 1980. Hakuna boila kulipuka, baba anaganda kwenye theluji ndani ya bustani ya njia za kupotea. Mpishi Hallorann, ambaye kitabuni anatoka salama na mama na mtoto, anapigwa shoka. Ni muvi mbaya? Hapana. Ile baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu inapotoka juu ya zulia kuingia kwenye sakafu tupu, kelele, kimya, kelele, kimya, mwili unanisisimka hata leo mchana kweupe. Kubrick ni fundi. Lakini Jack wake ana macho ya wazimu tangu wako ndani ya gari wanaelekea huko, kabla hoteli haijamgusa. Hakuna wa kumpoteza, kwa sababu hakuwepo. Mke na mtoto wanamkimbia mtu ambaye hatukuwahi kuona akipendwa wala kupenda. King aliipinga wazi wazi, akaandika yake ya televisheni mwaka 1997. Hiyo ina boila, ina baba, ina kila kitu, na mimi haikunitisha. Kwa hiyo msiniambie nataka muvi inakili kitabu neno kwa neno. Sijasema hivyo.

Ninachotaka kiko kwenye Doctor Sleep. King aliandika mwendelezo wa The Shining 2013, yule mtoto, Danny, sasa mtu mzima na ni mlevi kama babake. Mike Flanagan akaifanya muvi 2019, mwaka ule ule wa uharibifu niliousema juu. Alikuwa na kazi ngumu: kitabuni hoteli iliungua zamani, kwenye muvi ya Kubrick bado imesimama. Angeweza kuchagua upande mmoja. Badala yake akamleta Dan ndani ya hoteli ile ile ya Kubrick, akamkalisha kwenye baa tupu mbele ya mhudumu mwenye sura ya babake, na glasi ya wiski kati yao. Dan anamweleza baba habari za mama alivyokufa, na yule anamsukumia glasi tu. Halafu Flanagan akalirudisha boila! Hoteli ikaungua kama ilivyotakiwa kuungua 1980. Amebadilisha mengi, hata Dan anakufa ilhali kitabuni anaishi, na sikumlaumu, kwa sababu alikijua kidonda kiko wapi na hakukifunika.

Au chukueni Ringu ya Japani, 1998. Riwaya ya Koji Suzuki, ya mkanda wa video unaomuua aliyeutazama asipounakili na kumwonyesha mwingine, ina mwanahabari mwanamume, muvi ikamfanya mwanamke, mama wa mtoto. Msichana kutoka kisimani na kutambaa nje ya televisheni kitabuni hakupo kabisa. Mwongozaji Hideo Nakata ameongeza, na ameongeza vizuri, kwa sababu swali limebaki lile lile: ili mwanao apone, utampa nani mkanda huu? Mama anapiga simu kwa babake mwenyewe, anaendesha gari kwenda huko, na hapo unaelewa. Muvi hiyo naiweka pamoja na kitabu, bega kwa bega.

Dracula nawaachia wengine, ingawa nataka mjue: anayesema vampaya huuawa na jua amejifunza hilo kwa Nosferatu ya 1922, si kwa Bram Stoker wa 1897. Dracula wa kitabuni anatembea London mchana. Mzee mmoja wa baraza letu alinibishia jambo hili saa nzima, nikaenda kukileta kitabu, akasema kitabu ndicho kilichokosea!

Na I Am Legend? Riwaya ya Richard Matheson ya 1954 ni ya mtu aliyebaki peke yake akiwaua vampaya, na inaishia akigundua kwamba kwa viumbe wapya yeye ndiye zimwi, yeye ndiye anayekuja kuua wamelala. Jina la kitabu linatoka hapo. Muvi ya 2007 waliyoipeleka sinema ikamfanya shujaa anayekufa akiokoa watu kwa dawa. Mwisho wa karibu na kitabu waliupiga picha, upo, wakauweka kando. Waliujua na wakauweka kando! Hapo ndipo damu inaponichemka, kwa sababu hawawezi kusema hawakuelewa.

Basi ombi langu kwa wenye kuonyesha muvi mitaani, Amu, Malindi, popote mlipo: mkionyesha muvi iliyotoka kwenye riwaya, semeni imetoka wapi na mseme imebadilishwa. Sekunde 10. Nilikwenda Jumapili kuwaomba wale vijana, kwa adabu kabisa, wakanijibu watu hawalipi 50 kusikiliza darasa.

NYONGEZA: Ndugu aliyeuliza kuhusu muvi ya Pet Sematary: Bloodlines ya 2023. Ndiyo, nimeiona. Ni ujana wa mzee Jud, yule jirani wa akina Creed kitabuni, mwaka 1969, na Timmy anayerudi kutoka vita vya Vietnam. Kitabuni Timmy aliuawa Italia, 1943, na habari yake ni kurasa chache tu ambazo mzee anamsimulia Louis usiku, mtoto akiwa ndiyo kwanza amefariki, ili kumzuia asifanye anachokifikiria. Ni onyo. Linatisha kwa sababu tunaona halimwingii. Ukilitoa hapo mezani, ukalifanya muvi peke yake, anayeonywa ni nani?

NYONGEZA 2: Walioniuliza kama mpwa ameendelea. Bado. Wale vijana wametangaza kwamba Jumamosi hii ni Bloodlines, na ameniomba 50. Nimempa. Kitabu kiko kidakani, njiti iko pale pale kwenye tiara, sijaitoa.